Hakimu Asiguswe

Mimi nasema wazi: Bisrat alijikataa mwenyewe. Watu wa mtaani kwetu wanapenda kusimulia kwamba baba yangu ndiye aliyemkatalia mchumba, na wengine wanasema ni mashine yangu. Uongo mtupu! Mashine aliiandika yeye, kwa mkono ule ule uliokuwa ukingoja pete. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu wa kwetu aliingia huku anapiga mluzi.

Tunafanya kazi pamoja mimi na Bisrat, katika ofisi ndogo ya programu za kompyuta juu ya duka la vitambaa pale Piassa, katikati ya Addis Ababa. Mimi ndiye mkubwa wake. Alikuja kwangu akiwa hajui hata kuipangia hifadhidata majedwali yake, nikamfundisha kwa maneno makali na mikate mingi. Sasa anajua karibu vyote ninavyovijua, na nampenda kama mtoto wa nyumbani, ingawa sijamwambia, maana akijua atapandisha mabega.

Weynishet ni binti wa marehemu kaka yangu. Amelelewa nyumbani kwetu, kwa mikono yangu na ya baba yangu, Mzee Gessesse. Siku moja nilisahau chakula changu cha mchana, akaniletea ofisini. Bisrat alikuwa anatafuna dengu. Alipomwona akasahau kutafuna. Nilikaa pale kati yao na sahani yangu nikajua kwamba nimeshapoteza mfanyakazi na mtoto kwa mkupuo mmoja. Na roho yangu ikafurahi, nisiseme uongo.

Kwetu humuoi mtu mnayekutana naye kwa damu ndani ya vizazi saba. Kijijini hilo si shida, maana kila mzee ana hesabu yake kichwani. Hapa Addis Ababa vijana wanapendana kwenye foleni ya benki, wanaanza kuitana "wangu", halafu siku ya posa wazee wanahesabu na kilio kinaanza. Ndiyo maana chama cha watu wa mkoa wa Gojjam wanaoishi mjini kilituomba tuwatengenezee mfumo: kila ukoo uandikishe wahenga wake, na kijana aweze kuuliza mapema, kabla moyo haujazama, kama yeye na fulani wanakutana.

Kazi hiyo nilimpa Bisrat. Ndani ya hifadhidata tunayoitumia kuna fanksheni moja ambayo hatukuiandika sisi, ilikuja nayo. Ukiipa orodha mbili inakuambia kama kuna kitu kilichomo katika zote mbili. Orodha za nini? Za chochote. Namba, tarehe, ng'ombe, vikombe, haichagui. Tuliipa jina la Hakimu kwa heshima ya baba yangu, aliyekaa kwenye kiti cha mahakama ya wilaya mpaka alipostaafu, na ambaye hata nyumbani huwa anatoa hukumu, hasa juu ya chumvi.

Basi Jumapili moja baada ya ibada wazee watatu wa upande wa Bisrat walifika nyumbani wamejifunga mashuka meupe. Wakasimama mlangoni wakakataa kukaa mpaka wasikilizwe, kama inavyotakiwa. Kwaresma ilikuwa karibu, na ikishaingia hakuna harusi mpaka baada ya Pasaka. Weynishet alikuwa jikoni na mkate mkubwa, amesimama pale ambapo mlango haufungi vizuri.

"Tumekuja kuomba," akasema mkubwa wao.

"Semeni jina la kijana na watu wake," akasema baba.

Wakaanza kuwataja. Baba alikuwa anatafuna shayiri ya kukaanga huku akitikisa kichwa. Walipofika kwa bibi yake Bisrat mzaa baba, Tewabech wa Debre Markos, mkono wa baba ukasimama ndani ya bakuli. Nilidhani amekutana na jiwe.

"Yeshi," akaniita. Mimi ni Yeshimebet, lakini hana muda wa jina zima. "Lete hiyo mashine yako. Ya kina Gojjam."

Nikaileta nikitamba, si mnanijua? Nikaweka orodha ya Weynishet, nikaweka ya Bisrat, nikamwuliza Hakimu. Jibu likaja, nami nikalisoma kwa sauti kabla akili haijaushika mdomo: "Wanakutana. Desta Kassa, kizazi cha saba."

Mzee mmoja akashika kichwa. "Cha saba! Wangechelewa kuzaliwa kizazi kimoja tu!"

"Lakini hawakuchelewa," akasema baba. Hakuonekana kushangaa hata kidogo. "Asanteni kwa kuja, ndugu zangu. Damu ni damu."

Weynishet akatoka na mkate akawagawia wageni. Sijawahi kuona mtu anagawa mkate kwa hasira kiasi kile. Yule mzee wa kwanza alipewa kipande cha kutosha nyumba nzima, na hakuthubutu kukirudisha.

*

Kesho yake nilimkuta Bisrat ofisini hajanyoa, anaitazama skrini.

"Wahenga uliwaandika kama nini?" nikamwuliza, hata salamu sikutoa.

"Maneno tu, Dada Yeshi. Jina, na jina la baba."

"Maneno matupu?"

"Ilikuwa ni kwa kuanzia tu."

"Kwa kuanzia! Kila balaa nililowahi kulisafisha humu ndani lilianza na 'kwa kuanzia tu'. Akina Desta Kassa ni wangapi Gojjam, wewe mtoto? Ukisimama sokoni Bichena ukaita Desta, si hata punda watageuka?"

Akainamisha kichwa. Nikamhurumia, lakini sikunyamaza.

Maana kosa lilikuwa hilo, na ni kosa letu kabisa sisi watu tusio na majina ya ukoo. Mtu kwetu ni jina lake na jina la baba yake, basi. Majina mazuri yanapendwa na yanarudiwa. Hakimu hajui mtu ni kitu gani. Kazi yake ni kupita kwenye orodha mbili akiuliza swali moja tu: hiki na hiki ni sawa? Jibu la swali hilo halitoki kwake. Linatoka kwa kitu chenyewe, kwa aina yake. Namba zina sheria yao ya kulingana, tarehe zina yao. Maneno sheria yao ni herufi: zikifanana, ni sawa. Bisrat alimpelekea maneno, Hakimu akalinganisha herufi. Alitenda haki kabisa kwa alichopewa.

"Naitengeneza leo hii," akasema Bisrat, mkono tayari kwenye kibodi. "Aina mpya kabisa. Dada, ni kazi ya saa chache."

"Toa mkono."

"Lakini..."

"Toa mkono nimesema! Bwana harusi akataliwe na mashine asubuhi, jioni airekebishe imkubali? Nani atasadiki? Baba yangu? Hata mbuzi wa jirani atacheka."

Akatoa mkono. Halafu akasema polepole, bila kunitazama, "Dada Yeshi, kama kweli ni ndugu yangu, nitamwacha. Naapa. Ila nisimwache kwa sababu ya uvivu wangu." Nikamwambia ale kitu, nikageukia dirishani, maana macho yalinisaliti.

*

Ilikuwa Jumatano, siku ya kufunga, tukala mkate wa injera na shiro, mchuzi wa unga wa dengu, bila siagi.

"Baba," nikaanza, "ile hukumu ina kasoro."

"Miaka yote niliyokaa mahakamani," akajibu, "kila aliyeshindwa kesi alitaka hakimu abadilishwe. Hakimu asiguswe."

"Simgusi. Hata herufi moja. Yeye hana kosa. Tatizo ni mashahidi. Tuliwapeleka kwa majina tu bila kuwauliza ni akina nani."

Hapo akainua macho. Ukimsemesha kimahakama baba yangu lazima asikilize.

Nikamweleza. Kwamba naweza kutengeneza aina mpya ya kitu, niiite Mhenga, na ndani yake niandike sheria ya lini mhenga huyu na yule ni mtu mmoja. Nikishaiandika, nampelekea Hakimu yule yule orodha za Wahenga badala ya orodha za maneno. Yeye atapita kama siku zote na swali lake moja, ila safari hii jibu litatoka kwenye sheria ya Mhenga.

"Na sheria ataiandika nani?"

"Mimi."

"Wewe ni shangazi wa bibi harusi. Una masilahi."

"Basi itoe wewe. Wewe sema, mimi nachapa."

Akamega kipande cha injera akakishika bila kukila. "Hesabu hiyo ilishafanywa, Yeshi. Desta Kassa ni mmoja. Walihesabu watu wenye akili kuliko mashine yako."

"Ilifanywa lini? Kwa ajili ya nani?"

"Kula. Chakula kinapoa."

Nilikuwa nafungua mdomo nigombane, Weynishet akanitangulia. "Babu, kama Desta ni mmoja, sheria yako itasema ni mmoja. Sasa unaogopa nini?"

Nyumbani kwetu maneno kama hayo anaweza kuyasema yeye peke yake. Mimi ningefukuzwa mezani na umri wangu huu. Baba alimtazama mjukuu wake. Kisha akanawa mikono, akavuta kiti mpaka karibu yangu, akasema, "Washa."

Nikawasha. "Mtu ni nani, mheshimiwa?"

"Jina lake. Jina la baba yake. Jina lake la ubatizo."

"La ubatizo la nini tena?"

"Kwa sababu kasisi hamwombei marehemu kwa jina la duniani. Majina ya duniani watu wanapeana kwa kupendezwa. Na la nne, kanisa alikobatizwa. Vyote vinne vikilingana, ni mtu mmoja. Kimoja kikipishana, ni wawili."

"Na kama jina la ubatizo halijulikani?"

"Haingii mpaka lijulikane. Shahidi nusu hasikilizwi."

Nikachapa hivyo hivyo. Ngoja niwaambie kitu: vidole viliniwasha. Sheria ya kulingana ni mistari michache. Ningeweza kuandika mstari mmoja tu, kwamba hakuna mhenga anayelingana na mwenzake kamwe, na watoto wangeoana wiki ile ile. Baba hasomi maandishi ya kompyuta. Lakini alikuwa amekaa pale na miwani yake, akifuata kila herufi kwa kidole kana kwamba anaijua, na Weynishet amesimama nyuma yetu sote wawili. Ningewadanganyaje watu hao?

Baba akataja wahenga wetu mmoja mmoja. Kwa Desta Kassa hakusita: "Gebre Kristos. Kanisa la Mikaeli, Bichena. Kila mwaka natoa mkate wa kumbukumbu yake, nisijue?"

Upande wa Bisrat ndiko kulikuwa na mapengo. Nikampigia simu bibi yake huko Debre Markos.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza. Kikongwe, lakini sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha kuku na watu.

"Naitwa Yeshimebet, Bibi. Nafanya kazi na mjukuu wako."

"Yeshimebet wa nani?"

"Wa Gessesse."

"Gessesse wa nani?"

"Gessesse Alemu."

"Gessesse Alemu," akalirudia jina polepole. "Haya," akasema mwishowe. "Uliza."

Akanijazia mapengo mengine, kisha nikamwuliza habari za Desta Kassa wao. Hakuvuta hata pumzi. "Wolde Selassie. Kanisa la Giorgisi, ng'ambo ya Abbay. Wanawe ndio waliovuka kuja huku. Yeye mto huo hakuuvuka maisha yake yote, aliogopa mamba." Kisha akaongeza, "Kwa hiyo sasa ndiyo mnauliza."

"Ndiyo, Bibi. Utusamehe kwa kuchelewa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kuchelewa! Mungu akubariki, mwanangu." Nikamwona ni bibi mchangamfu tu, nikamshukuru nikakata.

*

Jumamosi mchana tukakaa tena mbele ya mashine. Baba alikuwa amevaa koti lake la mahakamani. Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

"Kwanza mjaribu kwa kesi ninazozijua," akaagiza. "Niweke mimi na Getahun, mtoto wa ndugu yangu."

Wanakutana.

"Mimi na fundi cherehani wa hapo chini." Fundi alikuwa ameshatutajia wahenga wake dirishani huku akicheka kwamba mzee anataka kumwoa.

Hawakutani.

"Mimi na mimi."

"Baba!"

"Hakimu asiyemtambua mtu na nafsi yake hafai. Weka."

Wanakutana, mpaka wa mwisho. Baba akakunja mikono. "Haya. Watoto."

Nikaweka. Weynishet alinishika bega akalibana mpaka nikasikia maumivu, sikumwambia aache. Jibu likaja.

"Hawakutani," nikasoma.

Weynishet akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kigelegele kilimtoka kupitia vidole.

"Ngoja kwanza," akasema baba. "Ndani ya saba?"

"Ndani ya saba na kupita, mpaka majina yanapoishia."

"Na Desta?"

"Desta wawili, Baba. Ubatizo tofauti, kanisa tofauti. Sheria yako hiyo."

"Na hukumgusa hakimu?"

"Hata nukta."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sasa niweke mimi na Tewabech."

"Tewabech gani?"

"Bibi yake kijana."

Nikamgeukia. Weynishet aliniwahi kuelewa. Nilisikia mkono wake ukilegea begani kwangu. "Mweke, Shangazi," akaninong'oneza. "Mweke tu."

Nikaweka. Hakimu haulizi kwa nini. Umempa orodha mbili, anakujibu.

Hawakutani.

Baba alikaa akiutazama mstari ule mmoja. Ndipo akatuambia, akiwa anaitazama skrini na si sisi. Alikuwa kijana, karani mgeni mahakamani. Alimtaka Tewabech, na Tewabech alimtaka. Alituma wazee. Baba yake binti alikuwa amekufa, wakahesabu wajomba, na pande zote mbili zikamtaja Desta Kassa, kizazi cha tano. Wazee wakanyanyuka. Yeye akaomba uhamisho, akaondoka Gojjam, na alipofika huku ndipo akaonana na mama yangu.

"Nilihesabu tena peke yangu mara nyingi," akasema. "Kila mara Desta, Kassa. Desta, Kassa. Sikuwahi kuuliza jina la ubatizo. Mimi! Hakimu!"

Ningetakiwa kumwonea huruma. Lakini mimi nina hasira za karibu, na zilinipanda kwa ajili ya mama yangu, aliyemfulia mtu huyu koti lile lile mpaka siku alipolala kitandani asiamke. "Na mama?" nikamwuliza. "Mama alikuwa nani kwako, nafasi iliyobaki?"

Akanigeukia, na hakukasirika. "Mama yako nilimpenda, Yeshi. Yule nilimwacha. Ni mambo mawili, usiyatie kwenye orodha moja ukaanza kuyalinganisha."

Nikaifunga mashine taratibu.

Weynishet akapiga magoti mbele ya kiti chake akamshika mikono. "Babu, wasingekosea wale wajomba, mimi nisingezaliwa."

"Najua."

"Wala Bisrat."

"Huyo naye najua," akasema baba, na sasa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Na nani angekuja kuninyima usingizi kwa maswali kama wewe?"

"Kwa hiyo umekubali?"

Akamfuta machozi kwa ncha ya shuka, ingawa mwenye machozi mengi alikuwa yeye. "Neno langu sitolitoa bado. Waambieni wale wazee warudi. Na waje na bibi yake."

"Kwaresma inaingia, Baba!" nikasema. "Bibi wa watu atoke Debre Markos kwa basi, na magoti yake?"

"Waje naye," akasema, na hukumu ikawa imetolewa.

*

Alikuja. Mdogo, amenyooka, shuka lake jeupe lina pindo la kijani, na magoti yake hayakuwa na tatizo lolote. Wazee watatu walisimama mlangoni wakakataa kukaa. Yeye akawapita akakaa.

"Miguu ni yangu," akawaambia.

Bisrat, kwa desturi, hakuruhusiwa kuwepo. Alikuwa ofisini ananitumia ujumbe kila nikipepesa macho, mpaka nikaizima simu nikaikalia.

Weynishet alikaanga kahawa mbele yetu, akaitwanga, akaichemsha. Mimi nikamimina kikombe cha kwanza nikampa baba, maana ndiye mkubwa wa nyumba. Yeye na Bibi Tewabech walikuwa wameshasalimiana kwa mabusu ya mashavuni, na habari za mvua, na habari za ng'ombe wa watu ambao wote wawili hawawajui. Wazee wakawa wanakohoa wakingoja jibu. Baba alishika kikombe asinywe.

"Tewabech," akasema. "Desta wenu alikuwa Wolde Selassie."

"Ndiyo."

"Wa ng'ambo ya mto."

"Ndiyo. Mwoga wa mamba."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu nikiwa mtoto. Bibi yangu alinitwisha mkate wa kumbukumbu yake kila mwaka. Ulikuwa mzito, nisisahau jina lake?"

Wazee wakaacha kukohoa. Baba akaweka mkono mwingine juu ya kikombe. "Basi mbona siku ile hukusema?"

Bibi Tewabech akamtazama. Hakuwa na uchungu usoni. Hilo ndilo lililoniumiza. "Nilikuwa nyuma ya pazia, Gessesse, nawakaangia kahawa. Nikawasikia mnahesabu. Mkamtaja Desta, nikangoja mtu aulize ni Desta yupi. Mkanywa kahawa yangu vikombe vyote vitatu vya desturi, mkanyanyuka. Msichana hakuwa na ruhusa ya kusema kabla hajaulizwa." Akalikunja vizuri pindo la shuka lake. "Na hakuna aliyeniuliza."

Weynishet akaliweka birika chini.

Baba akanyanyuka. Kwa umri wake kunyanyuka pale chini si jambo dogo, na wazee wote watatu wakataka kumshika, akawakataza kwa jicho. Akavuka chumba na kile kikombe cha kwanza ambacho hakuwa amekionja, akakiweka mbele ya Bibi Tewabech kwa mikono miwili.

"Sasa nakuuliza," akasema. "Watoto hawa waoane?"

Bibi Tewabech hakuwa na haraka. Akakipuliza kikombe, akanywa kidogo, akaonja kama kina sukari ya kutosha, akanywa tena mpaka nusu. Wazee wa watu walikuwa bado wima.

"Waoane," akasema. "Na muandike kwamba nimeulizwa."